Maneno Niliyoyameza Ukutani

Wakati wa vita simu ilikuwa inashika mahali pamoja tu katika mtaa wetu wa Rumonge: makaburini. Sokoni, hakuna. Ufukoni kwa wavuvi vijiti vya mtandao vilitokea vinne kwa mpigo, kisha vikapotea kama watu walioona baryeri, kizuizi cha askari njiani. Lakini kule juu, kwenye makaburi ya Waislamu, katikati ya michikichi, vijiti vitatu vilisimama bila kutikisika. Watu walisema ni kwa ajili ya mlima. Mimi nilisema wafu hawana wa kumpigia, ndiyo maana laini iko wazi.

Simu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Benedicte, muuguzi, mzaliwa wa Minago, aliyekuwa akifanya kazi hospitali moja ya Bujumbura. Kabla njia haijaharibika alikuwa anakuja kila mwezi, anawakusanya akina mama wenye watoto wa ugonjwa ule wa damu na kuwafundisha. Waganga wa hospitali wanauita drepanositozi, jina refu kuliko mtoto anayeubeba. Sisi tulisema SS, kama karatasi za maabara zilivyosema. Ni watoto wenye macho ya njano. Asubuhi mtoto anacheza, mchana analia mifupa, na ukimgusa analia zaidi.

Kisha gari likachomwa njiani, watu wakafa, na barabara ya Bujumbura ikawa ya msafara wa jeshi tu. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu. Benedicte akampa dereva mmoja wa msafara simu aniletee, na kikaratasi: "Bibi Batuli, wewe unajua kusoma na mdomo wako hauchoki. Kila Alhamisi saa kumi nitapiga. Utasikiliza, utawaambia wenzako. Kukiwa na hatari, nibipu mara tatu."

Nilisoma mpaka darasa la tano, enzi za Wabelgiji. La sita baba alikataa. Alisema msichana akishajua kugawanya, atagawanya mpaka nyumba ya mume.

Tatizo likawa Hamidu. Hamidu ni mdogo wangu, tumbo moja, na ndiye aliyekuwa mwangalizi wa makaburi yale, mwenye ufunguo wa geti. Kwetu mwanamke haingii makaburini. Anawazaa wote wanaolala mle, lakini kuwasindikiza, hapana.

"Yaya," aliniambia siku ya kwanza, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, amesimama getini na fagio lake, "hapa wanawake hawaingiake. Unajua."

"Najua. Hata sitaki kuingia. Nataka kichwa tu kiingie."

"Kichwa?"

"Ukuta unanifika kifuani. Mwili utabaki nje na heshima zake, kichwa na simu vitakuwa ndani. Au kichwa nacho ni mwanamke?"

Hamidu ni mtu wa haki. Ukimpa swali la sheria anakwenda nalo nyumbani. Kesho yake alisema kichwa kinaweza kuingia, mradi kimefunikwa.

Basi tukaanza. Simu za wakati ule hazikuwa na sauti ya kusikiwa na wengi, kwa hiyo kipaza sauti nilikuwa mimi. Nasimama nimeegemea ukuta, simu sikioni, uso wangu kwa wafu. Nyuma yangu, kwenye nyasi, wameketi akina mama watano na watoto wao. Benedicte anasema, mimi naitupa sentensi nyuma.

"Anasema: mtoto anywe maji hata kama hana kiu."

"Anasema: vidonge vya njano kila siku, hata akiwa muzima."

"Anasema: homa ikipanda usingoje, mupeleke dispanseri siku ile ile."

"Anasema: musimuogeshe ziwani asubuhi. Baridi inaamusha maumivu."

Hilo la mwisho liliwakera. Huku kwetu mtoto mwenye joto anapelekwa ziwani kabla jua halijatoka, anazamishwa mara tatu. Bibi zetu walifanya hivyo, na mama mmoja akauliza kama Benedicte ana ugomvi na ziwa. Lakini walisikia, kwa sababu nilikuwa nasema kwa sauti ya mtu anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Kulikuwa na Marguerite, mama wa Kivu, aliyekimbia vita ya kwao Kongo akaikuta ya kwetu inamsubiri. Siku moja alimleta mwanawe Akonkwa mpaka ukutani, akataka nimwekee simu kwenye goti.

"Muguzi asikilize mwenyewe," akasema. "Goti linapiga kelele."

Tulicheka wote. Nikamweleza Benedicte, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Alisema, "Mwambie namuamini." Nilipompa Marguerite neno hilo alikaa chini taratibu, akaanza kulisugua lile goti, na hakuna aliyecheka tena siku ile.

Mmoja kati ya wale watano alikuwa Mariyamu, mke wa mwanangu Amisi. Mariyamu alizaa watatu. Idi alikufa ana miaka miwili. Wa pili alikufa ana miezi minane, mikono na miguu imevimba kama maandazi. Alibaki Riziki, mwenye miaka sita, macho ya njano kama ya wenzake, na mdomo wa bibi yake.

Sasa niseme lililo gumu. Mariyamu ni mtu wa Nyanza-Lac, na mimi nilikuwa nimeshasema popote penye masikio, msibani, sokoni, harusini, kwamba damu ya kwao ni mbaya, na kwamba iliingia kwetu kama mawese yaliyochacha yanavyoharibu mapya. Nilisema kwa mzaha, watu wakacheka, na neno la mzaha halina mtu wa kulipinga.

Tena nilikuwa nimeshatafuta dawa. Kwetu dawa ya damu mbaya inajulikana: rudi nyumbani. Muoze kijana wako binti wa mjomba wake, damu unayoijua, iliyokaa kwenye chungu kimoja. Hamidu alikuwa na binti, Mwamini, wa miaka kumi na minane. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikaongea. Hamidu alikubali kwa sharti moja, Mariyamu aachwe kwanza, kwa sababu hakutaka binti yake alale nyumba moja na ule ugonjwa. Amisi hakuwa na neno. Mwanangu anamtii mtu wa mwisho kuongea naye, na mimi nilihakikisha wa mwisho ni mimi.

Riziki angeondoka na mama yake. Mtoto mgonjwa, hata baba hamgombei. Kule Nyanza-Lac hakukuwa na Benedicte wala vidonge vya njano, na bibi yake wa kule alikuwa mtu wa kuzamisha watoto ziwani alfajiri. Mtoto yule angemaliza msimu mmoja wa mvua, labda. Nilijua hilo. Niliamua kutolijua.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa tatu. Posa ya Mwamini ilikuwa imebakiza siku kumi na sita.

"Bibi," akasema Benedicte, "leo nataka waelewe ugonjwa unatoka wapi. Sema polepole, ni somo zito."

"Anasema leo somo zito," nikatupa nyuma.

"Si uchawi, si laana."

"Anasema: haurogwi. Hakuna laana."

Nikamsikia mtu mmoja nyuma yangu anashusha pumzi.

"Mtoto wa SS amepewa na wazazi wawili," Benedicte akaendelea. "Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Mmoja peke yake hawezi kuuleta. Wao wenyewe ni wazima, hawajui kama wanaubeba. Kwa hiyo hakuna mama mwenye kosa, waambie hivyo. Na waambie jambo lingine: watu wa ukoo mmoja wakioana hatari inazidi, maana anachobeba huyu, mara nyingi na yule anakibeba."

Mbele yangu, hatua kumi kutoka ukutani, lilikuwa kaburi la baba yetu. Hamidu alikuwa analifagia. Alikuwa anafagia taratibu, anaokota jani moja moja.

"Bibi, uko hapo?"

"Niko."

Nyuma Marguerite akauliza, "Amesema nini?"

"Anasema," nikasema, "munywe maji."

"Hilo alishasemaka."

"Amelirudia. Munasahau."

Wakacheka. Benedicte akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia wamenyamaza, wanafikiri. Kwa pumzi moja nikawa nimedanganya pande mbili. Kwa miguu yangu nikashuka mlima, na njiani nikawachekesha akina mama kwa habari ya jogoo wa jirani.

Kulikuwa na jambo ambalo Benedicte hakulijua. Mama yetu alizaa saba. Watatu walikufa wadogo, mikono imevimba, wanalia usiku na mchana. Baba akasema mwanamke huyu anakula watoto. Akamrudisha kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa mtumbwi wa wauza chumvi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Hamidu minne. Baba akaoa mke mwingine, akazaa naye watoto watano, wote wazima kama ng'ombe. Mtaa mzima ukapata hakika: ubaya ulikuwa wa mama. Nami nilikua na hakika hiyo. Mtoto anayefukuziwa mama yake lazima aamini kulikuwa na sababu, la sivyo ataishije na baba?

Alhamisi iliyofuata hakukuwa na somo. Tangu asubuhi bunduki zililia milimani, tukakimbia upande wa Kigwena, tukakaa chini ya michikichi, na mvua ikatunyeshea kuanzia adhuhuri mpaka jua linakaribia kuzama. Riziki alikuwa mgongoni kwa mama yake. Nilimfunika kwa kitenge changu, akalowa hivyo hivyo.

Kesho yake maumivu yakamshika. Miguu, kisha mgongo, kisha kifua. Alikuwa amelala kwenye mkeka, hataki hata kivuli cha mtu kimguse.

"Bibi," alisema, "mufupa wangu umekuwa mukubwa kuliko mimi."

Nilisogeza kivuli changu kando, kitenge mdomoni. Mimi, ambaye hata askari wa baryeri hunipa nafasi ya kumaliza utani wangu.

Mchana Hamidu akaja na fundi wa chuku, pembe zake kwenye mfuko, wembe mpya kwenye karatasi. Kwetu mifupa ikiuma, mtu anachanjwa na kuvutwa damu kwa pembe, ule ubaya utoke.

Nilisimama mlangoni.

"Hapana," nikasema. "Mutoto huyu damu yake ni kidogo. Halitoki hata tone moja."

"Nani amesema?" Hamidu akauliza.

"Simu."

"Simu inasema mengi, yaya. Wewe unachaguaka."

Hakujua alichokisema. Alikuwa amechoka tu, tena amemlipa fundi. Lakini nilishika mwimo wa mlango.

Waliondoka. Tukamfunika Riziki nguo kavu, tukachemsha maji, tukamkanda kwa kitambaa cha moto, tukamnywesha kijiko baada ya kijiko, Mariyamu akichoka nashika mimi, nikichoka anashika yeye. Kila saa nilimgusa shingo kupima homa, kama Benedicte alivyosema. Homa haikupanda. Siku ya tatu Riziki aliomba ndagala wa kukaanga, akalalamika ni wachache.

Jumatano ya wiki iliyofuata Mariyamu alikuwa anapuliza uji wa mtoto. Bila kuniangalia akasema, "Mama."

"Sema."

"Alhamisi ile ingine muguzi alisema maneno marefu. Wewe ulisema mafupi."

"Mtandao ulikatika."

"Mtandao ukikatika unaipigaka simu na kiganja. Siku ile ulisimama kama mti."

"Umeanza kusoma migongo?"

"Nimekaa nyuma yako miaka kumi, mama. Mugongo wako ndio ninaoujua."

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi, na hakukuwa na mtu mwingine ndani ila mtoto aliyelala. Nikasema, "Alisema maji."

"Basi." Akaonja uji. "Amisi amenipa talaka ya kwanza jana. Alitoka inje kabla sijajibu. Jumatatu kuna kamyoneti ya Nyanza-Lac, nitaenda na mutoto. Niandikie kwa karatasi yote muguzi aliyosema. Kule nitatafuta wa kunisomea."

Nilichukua kalamu. Niliandika maji, joto, vidonge, homa, ziwa, wembe. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano lakini unasomeka. Nilipofika chini karatasi ilikuwa na nafasi bado, mistari minne hivi, na kalamu ikakaa pale juu yake. Niliifunga. Mariyamu hajui kusoma. Aliikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, kama mtu anayekunja cheti cha serikali, akaiweka kifuani.

Nimewahi kudanganya watu wengi maishani, na wengi wao walistahili. Sikuwahi kumdanganya mtu kwa maandishi, mtu ambaye hana namna ya kunikamata.

Jumamosi tukaenda kwa Hamidu kuposa. Wanaume waliketi sebuleni, wanawake chumbani, pazia katikati. Sinia lilikuwa na vitenge viwili, manukato, na sabuni za kunukia zilizokuja kwa boti kutoka Kigoma. Kwetu mama wa kijana ndiye anayefungua mdomo kwanza. Anausifu ukoo anaouomba, na nyuma ya pazia wanaume wanaitikia. Watu walikuwa wamesogea karibu, kwa sababu ya mdomo wangu. Walikuja kucheka.

"Ndugu zangu," nikasema, "damu hii tuliyokuja kuiomba mimi naijua."

"Unaijua," wakaitikia.

"Nimezaliwa nayo."

"Umezaliwa nayo."

Chumba kikangoja utani. Nikasema, "Hamidu, mama yetu alizaa wangapi?"

Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia: "Yaya, leo si siku ya hayo."

"Wangapi?"

"Saba."

"Mudogo wetu wa mwisho, yule uliyekuwa unamupa muwa anyonye. Mikono yake ilikuwaje?"

"Ilivimba," akasema.

"Na mutoto wa pili wa Mariyamu? Ni wewe ulimuzika. Ulimuona."

Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza moja kwa moja, kwa hiyo nikasema yote, upesi, kama mtu anayetapika. Nikasema muuguzi alisema nusu kwa baba na nusu kwa mama. Nikasema nusu ya Riziki imetoka kwa Amisi, na mkono uliompa Amisi nahisi ni wangu. "Kama iko kwangu, Hamidu, inaweza kuwa kwako, na kwa Mwamini pia. Tunataka kuwarudisha watoto kwenye chungu kile kile kilichowapasua. Nilisikia haya Alhamisi, wiki mbili zilizopita, nikayameza. Mariyamu hana kosa lolote. Nimemtangaza bure."

Hamidu alifungua pazia. Mwanaume hafungui pazia la wanawake siku ya posa, yeye alilifungua. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Unasema binti yangu mugonjwa. Siku ya posa yake. Mbele ya watu."

"Nasema anaweza kubeba na asiugue. Kama mimi na wewe."

"Kwa neno la simu."

"Twende usikie mwenyewe."

Tulipanda mlimani, mimi na yeye na Amisi, na nusu ya wageni nyuma yetu, maana posa ya namna ile huiachi katikati. Ukutani nikabipu mara tatu, tukangoja. Simu ikalia. Nilimwambia Benedicte kuna mwanaume anataka kusikia somo lile, nikampa Hamidu. Alifungua geti, akaingia nayo hadi katikati ya makaburi. Sisi tukabaki nje, na upande wa Benedicte hatukuusikia. Tulisikia wa Hamidu tu.

"Amahoro... Mimi ni Hamidu, mudogo wake Batuli... Ndiyo... Wazazi wote wawili... Hata kama hajaugua siku moja?... Ndiyo." Akatembea kidogo, akasimama kwenye kaburi la baba. "Na mwanaume akimufukuza huyo mwanamuke, akaoa mwingine, na watoto wakakuwa wazima wote? Hiyo si alama?"

Hapo alisikiliza sana. Benedicte alikuwa anaeleza, na Hamidu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama vile mtu yuko mbele yake anamuona. Upepo wa ziwa ulikuwa unapindua ukosi wa kanzu yake, hakuugusa.

"Kwa hiyo mama hakula mutu," akasema. Halikuwa swali. Kisha akamshukuru: "Murakoze."

Akatoka, akaifuta simu kwa kanzu, akanirudishia. Akawaambia watu, "Anasema Mwamini apimwe damu kwanza, na Amisi. Kipimo kiko Bujumbura. Njia ikifunguka tutawapeleka. Kabla ya hapo hakuna ndoa." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, macho kwenye geti alilokuwa anafunga: "Mama alipoondoka, alichukua nini?"

"Chungu kimoja. Na wewe ulikuwa unalia."

"Sikumbuki."

"Ulilia mpaka mtumbwi haukuonekana."

Baada ya hapo hakuniongelesha miezi minne. Tukikutana njiani ananisalimia kama mtu wa kodi. Binti yake Mwamini, niliambiwa, siku ile ya posa alikula chakula cha watu wanne. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama alimtaka Amisi.

Amisi alikuja kwangu kesho yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma.

"Nusu?" akauliza.

"Nusu."

"Idi pia?"

"Idi pia."

Nikaondoka nikaenda kuteka maji, ili kwa mara moja mtu wa mwisho kuongea naye awe yeye mwenyewe.

Jumatatu asubuhi kamyoneti ilikuwa inapiga honi njiapanda. Mariyamu alikuwa amefunga mzigo, Riziki amevaa viatu. Habari za Jumamosi zilikuwa zimemfikia, mtaa wetu hauhitaji mtandao. Lakini nilikuwa na deni la kumwambia kwa mdomo wangu, na Amisi amesimama pale, nikamwambia. Nikamwambia na la karatasi.

Aliitoa kifuani, akaikunjua, akanipa. "Andika basi."

Niliandika ile mistari minne kwa kuegemeza karatasi ukutani kwa nyumba. Aliangalia kalamu mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha kidole kwenye neno moja. "Hapa umeandika nini?"

"Wote wawili."

Akakaa anaangalia neno lile. Amisi akasema anamrejea, kama ataruhusu. Alisema kwa sauti ndogo, na safari hii hakutoka nje. Honi ikalia tena. Mariyamu hakumjibu yeye, alinijibu mimi.

"Nitabaki kwa sababu ya mutoto. Vidonge viko huku. Amisi, tutaongea. Wewe mama, sijui bado." Akaikunja karatasi. "Na simu, kuanzia leo, nitaishika mimi."

Kamyoneti ikaondoka bila wao.

Mtaani nililipa. Walisema Batuli amekula wajukuu zake na ndugu zake, na sikuwa na mzaha wa kuwajibu, kwa maana lugha hiyo niliwafundisha mimi. Marguerite hakunitukana. Alikuja nyumbani, akakunja kitenge begani, akanionyesha mkono wake pale mumewe alipompiga kwa mwiko, wiki ile niliyosema munywe maji. Mumewe alisema hazai watoto, anazaa misiba. Alinionyesha, akafunika, akaenda zake. Nilimfuata mumewe mpaka ufukoni, nikamsomea somo lote mbele ya wavuvi wenzake. Alama mkononi kwa Marguerite ilibaki.

Alhamisi Hamidu alikuwa ndani anafagia, amenipa mgongo. Mariyamu aliegemea ukuta, kichwa kimefunikwa, simu mkononi. Yeye ni mfupi, ilibidi asimame juu ya jiwe. Mimi niliketi kwenye nyasi na wenzangu, Riziki mapajani kwangu ananikalia mifupa. Simu ikalia, Mariyamu akamwomba Benedicte aanze upya somo lile.

"Anasema: amahoro kwenu wote," Mariyamu akasema kwa nguvu. "Anasema: mutoto amepewa na wazazi wawili. Nusu baba, nusu mama. Anasema: mama hana kosa. Anasema: nirudilie, mama hana kosa."

Nilimsikia Marguerite pembeni yangu anarudia kimya kimya, midomo tu.

"Anasema watu wa ukoo mumoja wapime kwanza. Anasema ngoja." Mariyamu akangoja. "Amekohoa. Ameomba musamaha. Anaendelea."

Hakuacha kitu.